Karatasi ya laki mbili: usaini, ushtaki hapahapa, au uwafuate kwao?

Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja, imechapwa vizuri, chini ina mstari wa sahihi na kiboksi cha dole gumba. Ilisema mkulima anapokea shilingi 200,000 kama mkono wa pole, na kwamba baada ya hapo hatadai chochote, sasa wala baadaye, kutokana na "tukio husika". Tukio lenyewe haikulitaja. Haikusema dizeli, haikusema mfereji, haikusema mpunga.

Sisi tulilijua. Tenka lililokuwa likielekea Tunduma lilipinduka usiku wa mvua karibu na karavati, dizeli ikafuata mfereji mpaka majarubani. Asubuhi maji yalikuwa yanameremeta rangi kama shingo ya njiwa. Mpunga ndio kwanza ulikuwa unatoa masuke. Niliingia jaruba la kwanza na mabuti. Nilipotoka, mafuta yalikuwa yamechora pete kuzunguka kila buti, na pete ile haikutoka kwa sabuni ya unga wala kwa majivu. Siku ya tatu akaja kijana mpole, shati limepigwa pasi, na mkoba uliojaa karatasi zile.

Mimi ni katibu wa skimu yetu ya umwagiliaji huku Usangu, kwa hiyo swali lilikuja kwangu. Mzee mmoja aliniambia, "Katibu, wewe simu haikutoki mkononi. Hebu angalia wenzetu wa kwingine walifanyaje, halafu utuambie tusaini au tusisaini." Nimeangalia. Ninayoyaweka hapa ni ya yeyote anayelima au kuchota maji kando ya barabara kuu kuanzia Kitonga mpaka mpakani. Mafuta ya Zambia na ya Kongo yanapita mlangoni petu kwa malori, na chini ya ardhi lipo bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, tangu 1968. Siku hizi, tangu 2023, linapitisha dizeli. Bomba silitupii lawama yoyote. Nasema tu kwamba mafuta kumwagika shambani, kama yalivyomwagikia Wanaijeria nitakaowataja hapa chini, si jambo lao peke yao.

Kusaini

Faida ya kusaini ni moja, na si ndogo: hela unaiona leo. Mwenye mtoto anayedaiwa michango shuleni humwambii habari za mahakama za London.

Hasara yake waulize watu wa Bodo, huko Ogoni katika Delta ya Niger. Bomba la Shell lilipasuka kwao mara mbili mwaka 2008, mafuta yakaingia kwenye vijito na mikoko waliyokuwa wakivua samaki. Miezi kadhaa baadaye waliletewa magunia 50 ya mchele, 50 ya maharage, 50 ya gari (ule unga wa muhogo wao), na katoni za sukari, za chai na za nyanya. Kwa mji wa watu maelfu. Baadaye ikatajwa fidia ya pauni 4,000 kwa jamii nzima. Walikataa, wakatafuta wanasheria London, na mwanzoni mwa 2015 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 55: milioni 35 zigawanywe kwa watu wapatao 15,600, milioni 20 ziende kwa jamii.

Sisemi kila anayekataa laki mbili atapata mamilioni. Lori moja si bomba, na mwenye lori si Shell. Ila angalia umbali uliopo kati ya neno la kwanza la mkosaji na neno lake la mwisho. Neno la kwanza ni bei ya sokoni asubuhi, na muuzaji hajui kama wewe unaijua mizani.

Kuna jambo jingine kuhusu sahihi, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Sahihi inaweza kuwekwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Nitalifikia kwenye Ecuador.

Kulalamika serikalini

Huu ndio mlango wa karibu na hauna kiingilio. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakupa haki ya mazingira safi na salama, na inasema aliyechafua ndiye anayegharamia. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya kanda Mbeya. Wanaweza kumtoza faini mchafuzi, na wanaweza kumpa amri ya kurejesha eneo katika hali yake. Mkemia Mkuu wa Serikali naye ana ofisi ya kanda Mbeya. Maji ya Usangu yako chini ya bodi ya bonde la Rufiji, makao yake Iringa. Walio upande wa Rungwe na Kyela wanahusika na bodi ya Ziwa Nyasa, Tukuyu. Wa Chunya na Songwe na bodi ya Ziwa Rukwa. Jua bodi yako kabla ya siku ya ajali. Sisi tulipoteza siku moja na nusu tukipiga simu bonde lisilo letu, mimi nikiwa katibu, aibu.

Udhaifu wa mlango huu ni kwamba faini haiingii mfukoni mwa mkulima. Inaenda serikalini. Halafu ofisi ni chache na nchi ni kubwa: gari la mkaguzi moja, mikoa mitatu, na dizeli haisubiri foleni. Wenzetu wengi wamechoka hapo, wakasema serikali haina meno. Meno inayo, ila mdomo uko mbali. Mimi nimebadilisha namna ya kuuona mlango huu. Uende huko kutafuta karatasi, fidia utaidai kwingine. Ripoti ya mkaguzi yenye tarehe na mhuri ndiyo utakayoingia nayo kwenye milango mingine yote.

Mahakama ya nyumbani

Hapa kwetu anza na kalenda. Madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu tangu yatokee. Ukiishtaki serikali au halmashauri, unatoa kwanza notisi ya siku 90. Na ukifikiria Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, muda ni miezi miwili tu. Mashirika yaliyopinga bomba la EACOP, lile la kutoka Hoima hadi Chongoleani Tanga, yalifungua shauri huko Novemba 2020. Novemba 2023 likatupwa kwa sababu lilichelewa kuletwa. Miaka mitatu ya kusubiri, na hoja za mazingira zenyewe hazikuamuliwa.

Mkiwa wengi mnaweza kuomba kibali mfungue kesi ya uwakilishi, wachache wakasimama kwa niaba ya wote. Gharama inapungua. Ugomvi wa nani awakilishe haupungui.

Sasa Ecuador, ambako mahakama ya nyumbani ilifanya kazi mpaka mwisho, na bado watu wako palepale. Texaco, kampuni ya mafuta ya Marekani, walichimba mafuta kwenye misitu ya Lago Agrio tangu miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maji machafu yanayotoka na mafuta kisimani, yenye chumvi na sumu, yalimwagwa kwenye mito. Taka nyingine zikaachwa kwenye mamia ya mashimo ya wazi, ardhi tupu bila kitandiko chochote. Hiyo ilikuwa nchi ya Wakofán, Wasiona na Wasekoya, watu wanaokunywa mto, wanaooga mto na wanaokula mto. Sheria ya nchi yao wakati ule ilikuwa dhaifu, na aliyetakiwa kuisimamia ndiye aliyekuwa akigawana mapato ya mafuta hayo na kampuni.

Mwaka 1993 walifungua kesi New York, kwa niaba ya watu wapatao 30,000. Kampuni ikapigana miaka kadhaa ikisema kesi hii ni ya Ecuador, ipelekwe huko. Ikashinda hoja hiyo. Kesi ikafunguliwa upya Lago Agrio mwaka 2003, wakati huo Texaco imeshamezwa na Chevron. Mwaka 2011 jaji wa Ecuador akaihukumu Chevron. Mahakama ya juu ya huko baadaye ikaweka kiasi kwenye dola bilioni 9.5. Vigelegele! Ila Chevron haikuwa na mali ya maana ndani ya Ecuador. Hukumu ikawa kama stakabadhi ya duka lililofungwa. Walalamikaji wakaipeleka Kanada na kwingine kukamata mali, wakagonga mwamba. Mwaka 2014 jaji wa New York akasema hukumu ile ilipatikana kwa rushwa na udanganyifu wa wakili wao, na 2018 jopo la usuluhishi lililoketi The Hague, Uholanzi, likaipa kampuni ushindi.

Na hapo ndipo sahihi inaporudi. Miaka ya 1990 Texaco walifanya usafishaji wa dola milioni 40 kwenye sehemu ya mashimo, na 1998 serikali ya Ecuador ikawasainia hati kwamba wamemaliza wajibu wao. Wenyeji walisema mashimo mengine yalifukiwa tu kwa udongo. Lakini hati ilikuwepo, na miaka ishirini baadaye ililetwa mezani The Hague, ikafanya kazi yake. Mkofán aliyechota maji pale hakuweka dole gumba lake kwenye karatasi ile.

Nilipolisoma hilo nilimpigia mwenyekiti wa kijiji usiku uleule. Nilimwomba asisaini kitu chochote kwa niaba ya kijiji mpaka mkutano mkuu ukae. Akanijibu, "Kijana, mhuri nalala nao." Sikujua kama ni utani, lakini nililala.

Kuwafuata kwao

Mlango huu unapendwa na wanaharakati, na una ushahidi wa kupendeka. Bodo nimeshaitaja. Kuna na wakulima wa Goi, Oruma na Ikot Ada Udo, nao wa Nigeria, walioishtaki Shell Uholanzi mwaka 2008. Januari 2021 mahakama ya rufani ya The Hague iliamua kwamba tawi la Nigeria lilipe kwa kumwagika kwa mafuta Goi na Oruma, na kwamba bomba la Oruma lifungwe mtambo wa kugundua uvujaji. Desemba 2022 yakafikiwa mapatano ya euro milioni 15. Hesabu mwenyewe: 2008 hadi 2022. Mzee mmoja wa Goi aliyefungua kesi hakufika mwisho. Mwanawe ndiye aliyeiendeleza kesi.

Lakini kesi inayotuhusu zaidi sisi wa nyanda za juu kusini si ya mafuta, na haiko mbali. Ni ya Chingola, Zambia. Wanakijiji 1,826 walisema mgodi wa shaba wa Konkola umewachafulia mito na mashamba, wakamshtaki mama wa kampuni hiyo, yaani kampuni kubwa inayoimiliki, Vedanta, London. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kesi isikilizwe huko. Majaji walikiri kwamba mahali pake hasa palikuwa Zambia. Wakasema hata hivyo, watu maskini hawa hawatapata haki ya kweli kule, kwa sababu hakuna fedha za kuendesha kesi kubwa namna hiyo wala mawakili wenye nyenzo za kupambana na kampuni kama ile. Januari 2021 pande zote zikapatana, bila kampuni kukiri kosa. Mwaka huohuo wa 2021, mwezi Februari, mahakama ileile ikawafungulia mlango Wanaijeria wa Ogale na Bille dhidi ya Shell.

Ni nini kilichomnasa Vedanta? Kwa sehemu, maneno yake mwenyewe. Alikuwa ametangaza kwenye taarifa zake kwamba anasimamia mazingira kwenye migodi yote ya kundi lake. Basi akaulizwa: kama unasimamia, ulikuwa wapi? Ukitaka kumfuata mama wa kampuni, usianze na wakili. Anza na tovuti ya kampuni, usome inavyojisifu.

Kwa sisi wa tenka mlango huu karibu umefungwa, na afadhali niseme wazi kuliko kuwapa watu ndoto. Mwenye lori anaweza kuwa mfanyabiashara mwenye malori manne, nusu yake ya mkopo. Hana mama London. Ukimfuata kwao utakuta geti, mbwa na mlinzi. Anachokuwa nacho ni bima, na kwetu namba yake ilikuwa kwenye stika ya kioo cha mbele. Stika ikiwepo, ipige picha kabla ya winchi kufika. Kijana wetu mmoja wa bodaboda aliipiga akiwa anatafuta pa kusimama asikanyage mafuta, na picha ile imekuwa na thamani kuliko hotuba zote za mkutano.

(Na usisogee na ndoo. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa tenka la petroli lililopinduka. Dizeli ina upole kidogo, lakini gizani nani anajua tenka limebeba nini?)

Kukaa barabarani

Vijana walilitaka hili siku ya kwanza. Kuna mfano wa kweli: Waachuar wa Peru, bonde la mto Corrientes. Oktoba 2006 walizifunga mtambo na barabara za kampuni ya mafuta karibu wiki mbili, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya maji ya visima vya mafuta kumwagwa mtoni. Walipata walichotaka haraka kuliko mahakama yoyote niliyoitaja: kampuni ilikubali kuyarudisha maji yale chini ya ardhi badala ya kuyamwaga, na huduma za afya zikaahidiwa.

Ila wao walikalia mitambo ya mchafuzi mwenyewe. Sisi tungekalia barabara ya kila mtu, mgonjwa wa Igurusi anayekimbizwa Rufaa Mbeya yumo. Nililipinga na bado nalipinga. Kilichonivutia kwa Waachuar ni walichofanya sambamba: walifundisha vijana wao kutembea msituni na kamera na GPS, kila umwagikaji wanapiga picha, wanaandika mahali na tarehe. Hiyo tunaweza bila kumfungia mtu njia.

Sasa uchague nini?

Swali la kwanza si mahakama ipi. Ni mali ya aliyechafua iko wapi, na je, nani anaweza kuigusa? Kama iko kwenye bima, nenda kwenye bima, na mahakama ya hapa iwe kiboko cha ukutani. Kama ni mgodi au bomba la kampuni yenye mama ng'ambo, na uchafuzi ni wa miaka, fikiria kwao, ukijua watakaokula matunda huenda ni wajukuu. Kama mwenye mali ameshaondoka nchini kama Texaco, hukumu ya nyumbani ni sherehe isiyo na pilau.

La pili: usichanganye pesa na usafi. Bodo walilipwa, kusafisha vijito vyao kulisuasua miaka na miaka baada ya hundi. Kwa hiyo kwenye mapatano yoyote, fidia ya zao iwe mstari mmoja na kusafisha maji na udongo uwe mstari mwingine, kila mmoja na tarehe yake.

La tatu ni maji kupimwa, na hapa siwezi kufupisha. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya Ogoni. Katika sehemu moja ya Ogale walikuta benzini (sumu iliyomo kwenye mafuta) kwenye visima vya kunywa, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachoshauriwa na WHO. Watu walijua maji yao si salama. Walikuwa wanakunywa kwa sababu hawakuwa na mengine. Harufu haikuwa ushahidi mpaka ilipopimwa. Dizeli nayo inatoweka machoni haraka. Baada ya wiki ya mvua mfereji unaonekana safi, na mwenye lori ataleta mpiga picha wake siku hiyo.

Ndiyo maana, chukua sampuli mapema. Tumia chupa ya kioo, si ya maji ya kunywa ya plastiki, maana mafuta yanashika kwenye plastiki. Ijaze mpaka mdomoni, hewa isibaki. Iweke gizani na baridini. Chukua na ya juu ya mfereji ambako mafuta hayakufika, ili pawe na cha kulinganisha. Zenye nguvu mahakamani ni zile anazochukua mtaalamu na kuzifunga kwa lakiri, lakini zako zinakulinda wakati unamsubiri. Bwana wa maji alipofika alizicheka chupa zetu za bia, halafu akauliza tumezichukua saa ngapi, akaandika.

Kwenye mkutano mkuu wenzetu 19 walikuwa wameshasaini. Hatukuwazomea, wawili kati yao walikuwa na wagonjwa ndani. Waliobaki tuliazimia, na muhtasari upo una mhuri, kwamba hela tunaipokea ikiwa maneno yatabadilishwa: pale pa "hatadai chochote" paandikwe "malipo ya awali ya hasara ya mpunga wa msimu huu". Kijana mpole aliondoka na mkoba wake bila kusema kitu. Alirudi baada ya siku kumi na mbili, shati lilelile, karatasi mpya. Maneno yamebadilika, na laki mbili imekuwa laki tatu na nusu. Habari ya kusafisha mfereji bado wanasema wanawasiliana na bima.

Majibu ya mkemia hayajatoka. Chupa mbili za akiba ziko kwenye friji ya soda dukani kwa jirani yangu, ndani ya mfuko mweusi, na binti yake ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu: SI YA KUUZA. NI KESI.